Sura Iliyogandishwa

Kitabu cha bibi hakina jalada. Kilichobaki mbele ni ukurasa wenye neno Imprimatur, yaani ruhusa ya Kanisa ya kukichapa, muhuri wa zambarau uliofifia, na harufu ya moshi wa jiko la Kibosho. Utoto wetu wote kilikaa juu ya kabati, kando ya rozari na chupa ya maji ya baraka, na tulijua kinahusu nini: usafi wa moyo, na vilema vinavyouchafua.

Vichwa vya dhambi vimo vyote saba, kila kimoja na sura yake. Hesabu hiyo ya saba tumeipata kwa Papa Gregori Mkuu, karne ya 6. Kabla yake mmonaki Evagrius, huko jangwani Misri, alihesabu mawazo mabaya manane, na akaanza na ulafi. Kitabu cha bibi nacho kinashikilia kwamba uzinzi huingilia tumboni. Kwa kijiji cha mbege, pombe ya ndizi, kama chetu, hilo lilikuwa neno la kuudhi watu.

Sasa, sura ya uzinzi ilikuwa haisomeki. Kurasa zake nane zilikuwa zimegandishwa kwa uji wa unga wa ngano, kingo zote tatu, zikawa ngumu kama ubao. "Hiyo si ya watoto," bibi alisema, na mjadala ukaishia hapo. Kaka yangu alijaribu kuipasua kwa wembe mwaka aliopata kipaimara. Alichapwa fimbo ya mti wa kahawa, na baada ya hapo kila mmoja wetu akajitungia kichwani kilichoandikwa humo. Mimi niliyoyatunga siwezi kuyaandika hapa.

Bibi alipofariki kitabu kikanifikia mimi, hapa Majengo, Moshi mjini. Jumamosi iliyopita mvua ilininyima kwenda sokoni, nikaweka birika jikoni, nikashikilia kurasa juu ya mvuke, nikapitisha kisu cha siagi taratibu. Ilinichukua saa nzima na vidole viwili vilivyoungua.

Jamani, hamna kitu! Linda macho. Usikae bure. Usiende ngomani usiku. Lala mikono imekunjwa kifuani. Halafu kurasa mbili za kumsifu Mtakatifu Aloisi Gonzaga, eti hakuthubutu kumtazama mwanamke usoni. Kwamba kijana huyo alikufa Roma mwaka 1591, ana miaka 23, kwa tauni aliyoipata akihudumia wagonjwa, kitabu hakigusi kabisa. Mimi ningeanzia hapo hapo.

Ila katikati ya Aloisi na sala ya usafi palikuwa na noti mbili za shilingi 20, za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, Malkia Elizabeth akinitazama. Zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Nilikaa chini. Kahawa ilikuwa ya babu, na hela yake iliingia mfukoni mwa babu. Vya bibi vilikuwa ndizi na maziwa, tena babu alikuwa bingwa wa kupekua: chini ya godoro, kwenye pipa la mahindi, mpaka ndani ya kibuyu cha mgando. Kitabu cha kuhubiri usafi asingekishika hata kwa koleo. Benki Kuu ilianza kutoa noti zetu wenyewe mwaka 1966. Hizi zikabaki humo na Aloisi wao, thamani ikaisha.

Nikampigia shangazi, ambaye ndiye mtoto pekee wa bibi aliyebaki. Alicheka mpaka akakohoa.

"Uji ule nilikuwa naukoroga mimi," akasema. "Mwanangu, na ile ya ulafi umeifungua?"

Nikaenda kuangalia. Miaka yote nilidhani kurasa zile zimeshikana kwa unyevu. Nimerudisha birika jikoni.