Somo la sayansi leo limefanyikia Singida

Ndiyo tunaingia Dodoma sasa hivi. Mgongo unauma, gari limejaa vumbi na maganda ya karanga.

Kwa wasiojua, mwaka huu wanangu nawafundisha nyumbani. Baba yao alikuwa na shughuli Singida, nikasema na sisi tunapanda. Bahi, Manyoni, Ikungi, tukatokea Ziwa Singidani.

Heroe, wale ndege wanaoitwa pia flamingo, walikuwa wametanda majini, pinki tupu!

Nikaanza mhadhara wangu: ziwa hili lina chumvi, heroe hula mwani na vijidudu vya majini, na rangi yao inatokana na chakula hicho. Makinda huwa ya kijivu.

Kitinda mimba wangu hata hasikilizi. Amechuchumaa, anakodoa macho.

"Mama, mbona magoti yao yanakunjikia nyuma?"

Jamani. Swali hilo!

Nikamwambia lile si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya. Simama kwa vidole, inua kisigino, sasa tembea.

Basi akatembea. Polepole, shingo ameinamisha, kichwa amekipindua kama wao wanavyokula. Dada yake nyuma. Halafu nageuka namwona baba yao, na suruali yake ya kazini, naye ananyata kwa vidole ufukweni! Wapita njia wamesimama wanacheka. Sikuwahi hata kutoa simu.

Wenyeji wa Bahi, kule kwenye majaruba ya mpunga ndege wanajaa miezi gani? Tunakuja.