Nyutroni ya 127: kusoma maganda ya kiini kizito kwa mmenyuko wa uhamisho

Kiini cha risasi-208 kina protoni 82 na nyutroni 126, na maganda yake (makundi ya ngazi za nishati) yote yamejaa. Nyutroni moja ikiongezwa hukaa peke yake juu ya ganda lililofungwa, ndiyo maana risasi-209 ni mahali pazuri mno pa kujifunzia. Obiti zake zimepimwa; katika majina yake herufi hutaja l, yaani kiasi cha mzunguko wa nyutroni, na sehemu hutaja mzunguko huo pamoja na spini: g9/2 ndiyo ya chini kabisa, juu yake i11/2 kwa MeV (milioni za elektronivolti) 0.78, j15/2 kwa 1.42, d5/2 kwa 1.57, s1/2 kwa 2.03, g7/2 kwa 2.49 na d3/2 kwa 2.54.

Njia ya kawaida ya kuzifikia ni mmenyuko wa uhamisho (d,p): dyutroni huingia, protoni hutoka. Dyutroni, yaani protoni moja na nyutroni moja zilizoshikana, hupita ukingoni mwa kiini, huacha nyutroni yake, na protoni huendelea hadi kwenye spektrografu ya sumaku, inayozipanga protoni kwa nishati. Nishati ya protoni hutaja hali iliyojazwa. Haitaji obiti! Obiti hujulikana kwa kupima jinsi idadi ya protoni inavyopanda na kushuka pembe inapobadilika, kisha kulinganisha na hesabu ya kila l. Dyutroni za MeV 20 zinafaa. Kizuizi cha umeme cha risasi, yaani nishati ya kushinda msukumano wa chaji, kiko karibu na MeV 12, na chini yake mikunjo ya l mbalimbali hufanana hadi haitenganishiki.

Shabaha huwa utando wa risasi-208 wa mikrogramu 100 hivi kwa sentimita mraba, juu ya karatasi nyembamba ya kaboni. Mwale wa nanoampia 100, tundu la kupokea protoni la milisteradiani 10 na mmenyuko wenye uwezekano wa milibani 1 kwa steradiani huleta protoni 1.8 hivi kwa sekunde, yaani 1,000 ndani ya dakika kumi. Kuongeza unene ili kuharakisha ni hasara: mistari ya nishati za protoni hupanuka na kumezana. Kuongeza mkondo nako kuna mpaka, kwani risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi.

Kaboni hiyo husumbua kuliko wengi wanavyotarajia. Mmenyuko wake una Q (nishati inayotolewa) ya MeV 2.72, na wa risasi 1.71. Kwa dyutroni za MeV 20, kati ya nyuzi 0 na 40 mstari wa kaboni-13 huteremka zaidi ya MeV 1, ilhali wa risasi hausogei hata MeV 0.1. Kwa hiyo kaboni huukata mstari mkuu wa risasi karibu na nyuzi 35. Pembe hiyo iachwe kwenye ulinganisho, au shabaha ya kaboni tupu ipimwe peke yake na kutolewa.

Unene uliosomwa kwenye mizani usiaminiwe. Pima mtawanyiko wa Rutherford (wa msukumano wa chaji pekee, unaohesabika kamili) kwa shabaha ileile, kwa nishati iliyo chini ya kizuizi, ndipo utapata zao la unene na tundu kwa pamoja.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi ni kutegemea (d,p) peke yake. Tofauti ya momenta (tungamo mara kasi) kati ya dyutroni inayoingia na protoni inayotoka, ikizidishwa na nusu kipenyo cha kiini, hutoa l ya 3 hivi. Hivyo i11/2 na j15/2, zenye l ya 6 na 7, huonekana dhaifu, na vipande vyake vidogo hupotea kabisa. Tumia pia (α,³He), ambapo chembe ya alfa huacha nyutroni na kutoka ikiwa heli-3, kwa MeV 40: Q yake ni hasi 16.6, na l inayopendelewa hupanda hadi 7 hivi. j15/2 inahitaji uangalifu huo hasa, maana huchanganyika na mtetemo wa 3⁻ (spini 3, pariti hasi) wa risasi-208 ulioko MeV 2.61, na nguvu yake hugawanyika.

Kwa viini visivyodumu mambo hugeuzwa: kiini kizito ndicho mwale, na deuteri (hidrojeni nzito) hukaa ndani ya plastiki. Ndivyo zebaki-206 ilivyochunguzwa ISOLDE, kituo cha viini visivyodumu cha CERN, matokeo yakatoka 2020. Chembe 100,000 kwa sekunde kwenye plastiki ya mikrogramu 200 kwa sentimita mraba huleta protoni tano hivi kwa saa, kwa milibani 1 na steradiani nzima. Protoni zinazorudi nyuma hufuatwa ndani ya solenoidi, sumaku yenye umbo la bomba. Kwa tesla 2.5 kila moja humaliza mzunguko kwa nanosekunde 26 hivi, iwe na nishati yoyote, na muda huo huitofautisha na chembe nyingine.