Ruzizi: daraja lilikuwa barabara kabla ya kukuwa mpaka

Mutu akikuuliza Bukavu, huu muji wetu wa mashariki ya Kongo, inaishia wapi, wengi tunajibu bila hata kufikiri: inaishia mto Ruzizi, pale kwenye daraja la kwenda Rwanda, pale kwenye bariyeri. Mi hilo jibu nalikataa. Kila nikisoma historia ya huu muji nakuta lile daraja liko katikati ya mambo yote, lakini lenyewe hakuna mwenye analihadisia, tunahadisiaka tu wakubwa waliopita juu yake na majeshi yao.

Tuanzie kwa maji kwanza, juu bila maji hutaelewa daraja. Ruzizi ni mto kijana. Zamani ziwa Kivu lilikuwa linamwaga maji yake kaskazini, upande wa ziwa Edward mpaka kwa Nil, halafu volkano za Virunga zikafunga ile njia, maji yakakosa pa kwenda, yakapanda, yakapanda, mpaka yakapata mlango huku kusini kwetu, na hiyo ni kama miaka elfu kumi hivi iliyopita, ambayo kwa wajuzi wa mawe ni juzi tu. Leo Kivu iko kwenye mita 1,460 hivi, Tanganyika iko kwenye 770, na kati yao ni kilometa kama 117 za mto. Hesabu mwenyewe hayo maji yanateremkaje! Na sehemu kubwa ya kuteremka inafanyika huku juu, kabla ya kufika Kamanyola, ndani ya makorongo. Njo maana ukisimama Ruzizi ya kwanza, ile bariyeri ya karibu na ziwa, unaona mto mwembamba tu, mutu wa ng'ambo ukimwita anakusikia, daraja fupi linatosha. Kule chini mu plaine, kwenye tambarare, mto unazungukazunguka, una viboko na mamba, kujenga pale ni kazi ingine kabisa. Kwa hiyo mahali pa kuvukia ziwa lenyewe njo lilipachagua.

Mpaka ulikuja nyuma. Kwa miaka mingi Wabelgiji na Wajerumani waligombania hii sehemu, kila mmoja na ramani yake, mpaka wakakaa Brussels mu 1910, na Waingereza pia walikuwako, wakakubaliana Ruzizi ikuwe mpaka na kisiwa cha Idjwi kibaki kwa Mbelgiji. Watu wa hapa, wenye ng'ombe huku na mashemeji kule, hakuna aliyewauliza. Lakini sasa sikiliza hii, juu watu wengi hawaijui: ule mpaka haukukaa hata miaka kumi. Vita vya kwanza vya dunia vikaja, Aprili 1916 brigedi ya kusini ya jeshi la Kongo ya Wabelgiji, chini ya Olsen, ikavuka Ruzizi upande wa Shangugu, muji wa ng'ambo ya Rwanda, na toka hapo Mbelgiji akatawala ng'ambo zote mbili. Mu 1925 wakaiunga Ruanda-Urundi na Kongo kwa mambo ya utawala. Bukavu ikaitwa Costermansville toka 1927 mpaka mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na muda wote huo kuvuka Ruzizi kulikuwa ni kutoka kwa Mbelgiji na kuingia kwa Mbelgiji.

Miaka zaidi ya 40! Sisemi ilikuwa miaka mizuri, ukoloni ni ukoloni, kulikuwa makaratasi, kodi, kazi ya lazima na fimbo. Nasema tu kama daraja lilikuwa barabara. Koko yangu, mzaa baba, alikuwaka anatuhadisia kilalo cha Ruzizi, yaani daraja, vile wewe unaweza kuhadisia njia ya kwenda mtaa wa Kadutu hapa Bukavu: asubuhi anatoka, anaenda kusalimia wakwe, anarudi na ndizi. Nilikuwa mtoto na nilikuwa nashindwa kuelewa kwa nini katika hadisi zake zote hakuna polisi hata mmoja mwenye anamuuliza kitambulisho pale kati.

Mwishoni mwa ile miaka kulijengwa kitu kingine juu ya ule mto, na mi nakihesabu pia kama daraja: barrage ya Ruzizi ya kwanza, bwawa la umeme la 1958-1959, pale karibu na ziwa. Umeme wake ulienda Bukavu, Shangugu na mpaka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, nyaya zikivuka bila kusimama popote. Ni miaka ile ile pia walileta samaki wadogo toka Tanganyika wakawaweka mu Kivu, hawa sambaza tunaokula leo, na ilibidi wabebwe na watu juu kwa yale maporomoko samaki hawangepanda peke yao hata siku moja. Nawaza sana hiyo habari nikiwa mbele ya sahani ya sambaza na bugali.

Halafu 1960 Kongo inapata uhuru, Rwanda 1962, na ile karatasi ya 1910 inafufuka. Sasa daraja lina vichwa viwili, na wa kwanza kulitumia vile sio wachuuzi, ni wanajeshi. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme pamoja na magendarme, askari wa zamani wa jimbo la Katanga, wakaikamata Bukavu, wakakaa humu karibu miezi tatu, muji ukapigwa, watu wakakimbia vijijini, na mwanzoni mwa Novemba waliposhindwa wakavuka Ruzizi na kuingia Shangugu, Rwanda ikawafunga mamluki mpaka 1968 ndipo wakarudishwa Ulaya. Muji ukabaki na kuta zenye matundu.

Kuna pia daraja la Kamanyola, chini kwenye barabara ya Uvira. Juni 1964, wakati wa uasi, jeshi lilipigana pale na Mobutu mwenyewe alikuwako, na toka siku ile jina la Kamanyola likageuka kama medali yake: divisheni ya jeshi ikaitwa Kamanyola, meli yake ikaitwa Kamanyola, stade kubwa ya Kinshasa ikaitwa Kamanyola mpaka 1997 ilipobadilishwa kuwa Stade des Martyrs. Yaani daraja la kwetu lilizunguka inchi nzima, likasimama paka kwenye mpira, na watu wa Kamanyola wenyewe walibaki na mihogo yao na vumbi yao. Mi hiyo inaniuma kabisa.

1994 siwezi kuandika kwa wepesi. Julai na Agosti, nyuma ya jenosidi ya Rwanda, watu walivuka Ruzizi kwa mamia ya maelfu, na wakati wanajeshi Wafaransa wa Opération Turquoise walikuwa wanaondoka Rwanda umati ulijaa ng'ambo ile, watoto, magodoro, ng'ombe, na kati yao wauaji waliojificha pamoja na watu wasio na kosa, wote juu ya mbao zile zile. Wakubwa wetu wa Bukavu mpaka leo wakitaja ule mwaka wanashusha sauti. Vita vya 1996 vikafuata, vya 1998 vikafuata. Juni 2004 wakubwa wa waasi Nkunda na Mutebusi wakaikamata Bukavu kwa siku chache, na baadaye Mutebusi na watu wake wakavuka kwenda Rwanda. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia muji kwa kushuka upande wa Kavumu, kaskazini, si kwa daraja, lakini macho ya kila mutu yalikuwa Ruzizi, watu wakiulizana: iko wazi? imefungwa?

Hilo swali njo maisha yetu. Kati ya hizo vita zote, watu wa kila siku wamekuwa wakilirudisha daraja kwenye kazi yake. CEPGL, ule umoja wa uchumi wa inchi za Maziwa Makuu, ilipoanzishwa 1976 kati ya Zaire, Rwanda na Burundi, wazo lilikuwa hilo hilo, na Ruzizi ya pili, ile centrale ya umeme ya 1989, ni mali ya inchi zote tatu. Leo magari makubwa yanapitia bariyeri ya Ruzizi ya pili, na Ruzizi ya kwanza imebaki ya waenda kwa miguu na magari madogo. Nenda pale asubuhi na mapema uone. Ba mama wenye beseni kichwani, jeton (karatasi ya kuvukia mpaka) mkononi, nyanya, maziwa, mayai na nyama zikija huku, vitenge vikienda kule, wanafunzi, wagonjwa, watu wenye wanaenda kupanda ndege Kamembe, ng'ambo ya Rwanda. Watu wa mipango wanaita biashara ndogo. Ndogo wapi? Machi 2020 corona ilipofunga mpaka, tantine yangu mwenye anauzisha nyanya alikaa nyumbani na beseni imefunikwa, na kwetu ndani ya wiki chache tulijua bei ya nyanya inatokaka wapi.

Jambo moja bado, na hili ni letu wenyewe. Mto Kawa unashuka toka Kadutu na machupa na mifuko yote tunayotupa, inaingia ziwa, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, kwa hiyo plastiki yetu inafika kwenye barrage na kubana mashine, watu wa zamu wanashuka na piroge kuitoa. Stima ikikatika Kamembe, huenda chupa yangu iko ndani ya hiyo shida.

Shuleni nilifundishwa Kamanyola, kilalo cha Ruzizi hapana, hata mustari moja. Na wazee waliovuka kabla ya 1960, bila kusimamishwa pale kati, wamebaki wachache sana. Kama uko na koko Nguba, Panzi, Kamembe ao Shangugu, muulize wiki hii: alikuwaka anavuka kwenda kwa nani, alibeba nini, nani alikuwa anasimama pale. Mrekodi kwa simu hata kama sauti ni mbaya, muache aongee Mashi ao Kinyarwanda kama njo anavyopenda. Mi nimeshaanza na ndugu za koko yangu wenye wako bado hai, na Jumapili naenda Panzi kumalizia.