Vile nilichora fensi za Kitengela ndio makao ya ndege anayeitwa karani tamba yaonekane kwa ramani

Nafanya kazi ya ramani hapa Nairobi, na mwaka jana nikapewa sehemu ya ndege kwenye ripoti ya athari kwa mazingira, mradi wa nyumba huko tambarare za Kitengela. Naandika hii kwa sababu najua kuna wengine wanapewa kazi kama hii, wanapaka kijani kwa ramani, wanasema nyasi bado ziko, basi.

Ndege mwenyewe ni karani tamba, yule wa miguu mirefu, kimo chake karibu mita 1.3, anatembea kwa nyasi mchana kutwa akitafuta panzi, panya na nyoka, na nyoka anamuua kwa mateke. Tangu 2020 IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka kwa orodha ya walio hatarini kutoweka. Na hizo tambarare si mahali pa kuchezea, mbuga ya Nairobi ni kilomita mraba 117 tu, imezungushiwa fensi kaskazini, mashariki na magharibi, upande ulio wazi ni kusini peke yake, ukivuka mto Mbagathi kuelekea Kitengela, kwa hivyo Kitengela ikijaa majengo, mbuga inabaki kama zizi.

Nilianza na picha za setilaiti za bure. Setilaiti ya Sentinel-2 ina pikseli ya mita 10, yaani kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10 za ardhi, lakini inaanzia 2015, ukitaka kurudi nyuma unatumia picha za setilaiti za Landsat, zile za mita 30 zinafika miaka ya 80. Nikagawanya ardhi, nyasi, miti, mashamba, majengo, udongo mtupu. Hapa chunga msimu bana, ukiweka picha ya Mei mvua imenyesha kando ya picha ya Septemba utaona nyasi zimepotea na ni kiangazi tu, afadhali utumie miezi ileile kila mwaka. Halafu leya zote, yaani tabaka za ramani, ziwe kwa mfumo mmoja wa vipimo vya mita, huku kwetu ni UTM 37 kusini, kabla hujapima eneo. Majengo nilitoa kwa Open Buildings, data ya bure ya Google ya majengo, ile ya 2021, na yale mapya nikayachora kwa mkono nikiangalia picha.

Ramani ikatoka, nyasi bado nyingi sana. Mwenye mradi alifurahi, akataka tuandike athari ni ndogo. Nikakataa, kwa sababu Kitengela naijua, na ukisimama pale unachoona ni seng'enge. Pikseli ya mita 10 haioni waya! Mtu amenunua ploti, ameizungushia, hajajenga, kwa setilaiti hiyo ni nyasi safi. Lakini karani ni ndege wa kutembea, na mara nyingi akitaka kupaa anakimbia kwanza, sasa atakimbilia wapi ndani ya robo ekari? Na ndege hawa wameshapatikana wamekufa kwa kunaswa na fensi na nyaya za stima.

Ikabidi fensi zichorwe. Nikaweka QField, app ya kuchora ramani ukiwa nje, kwa simu, nikatafuta kijana wa nduthi anayejua njia zote za huko, tukawa tunafuata waya kona hadi kona simu ikirekodi. Kwa kila fensi niliandika ni seng'enge, ni ukuta au ni ua wa miiba, kwa sababu ua wa boma la Mmasai na ukuta wa mawe si kitu kimoja. Mzee mmoja alitukuta tukipima akaniambia, "Msichana wangu, hiyo waya si yangu, ni ya mtu alinunua na hajawahi kurudi, mbuzi zangu sasa zinazunguka mbali kufika maji." Ndiye alinionyesha mgunga wenye kiota, jukwaa la vijiti juu kabisa, chini kumejaa mabaki ya chakula. Nilimuuliza kuhusu ule mpango ulioanza 2000 wa kulipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke fensi, akasema broka akija na pesa ya ploti, hiyo hesabu ya dola 4 haisimami, na mimi siwezi kumlaumu.

Nikarudi kwa QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, laini za fensi nikazigeuza kuwa maeneo, nikakata nazo ile leya ya nyasi, nikapima kila kipande kivyake. Ile kijani moja kubwa ikavunjika vipande vipande, na kipande kikubwa kilichobaki wazi kilikuwa kinapita palepale ukuta wa mashariki wa mradi ulikuwa umechorwa, karibu na ule mgunga. Jambo hilo, jumla ya hekta za nyasi haingekuonyesha kamwe.

Ripoti ilienda na ramani zote mbili ukurasa mmoja, kabla ya fensi na baada. Tulipendekeza ukuta urudishwe ndani, pembeni pabaki wazi, na ujenzi karibu na mti usimame wakati wa mayai na makinda. Ukuta wakakubali kuusongesha, kuhusu ratiba ya ujenzi bado tunavutana nao.

Jambo lingine, koordineti za kiota sikuziweka kwa nakala ya umma. Nilitumia miraba ya kilomita moja, na pointi yenyewe ikabaki kwa faili ya wataalamu, maana ripoti hizi zinasomwa na kila mtu na makinda wa karani wanakaa kiotani zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka.