Bibi, korosho na stabilaiza

Mwezi wa kumi mwaka jana bibi yangu alianguka chini ya mkorosho, shambani kwetu Newala. Hakujikwaa. Alikuwa ameinama anaokota korosho, akanyanyuka azimwage kwenye ndoo, akaona giza, akajikuta chini. Majirani wakasema presha. Kwetu kila kitu presha: ya kupanda, ya kushuka, mpaka ya mapenzi.

Safari hii walipatia. Daktari alimpima amelala, akamsimamisha, akapima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ilitoka 148 ikaja 121. Ikishuka 20 au zaidi ndani ya dakika hizo, alisema, hiyo ndiyo presha ya kushuka ukisimama. Akazipitia upya dawa zake.

Mimi ni fundi. Kibanda changu kipo Chikongola, Mtwara mjini. Nagusa feni na friji, ila kinachonilisha ni stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme unaoyumba. Kwa hiyo nilibaki na swali: hata mimi nikiinuka presha inayumba kidogo, mbona sianguki? Nikampigia mpwa wangu anayesomea udaktari.

"Mjomba, ubongo nao una stabilaiza yake."

Presha ikishuka, vimishipa vya kichwani vinatanuka. Ikipanda, vinajibana, ili damu ifike kiasi kilekile. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni. Hauna subira.

Nikamuuliza wanaipimaje. Maana stabilaiza ukiitazama umeme umetulia hujui kitu, hata mbovu inasoma volti 230. Lazima uushushe umeme wa kuingia makusudi, uone wa kutoka unarudi upesi kiasi gani.

Kumbe ndivyo wanavyofanya! Mwaka 1982 mtafiti Rune Aaslid na wenzake walionyesha kwamba ukiweka kifaa cha mawimbi ya sauti kwenye panja, pale mfupa ulipo mwembamba, unapata mwendo wa damu ndani ya mshipa wa ubongo. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye damu ni kama bodaboda inayokupita: mlio wake unabadilika ikija na ikienda. Mwaka 1989 wakaja na jaribio la mapaja. Mtu anafungwa mikanda ya presha mapajani, inajazwa mpaka damu isipite, wanangoja dakika kadhaa, kisha wanaiachia ghafla. Presha ya mwili inaporomoka. Kidoleni kuna kifaa kinachofuata presha ya kila pigo la moyo, kwa sababu ile ya mkononi ni ya kobe. Mwendo wa damu kichwani unashuka pamoja na presha, lakini kwa mtu mzima wa afya unarudi ndani ya sekunde chache, wakati presha yenyewe bado iko chini. Hiyo ndiyo stabilaiza ikifanya kazi.

Kasoro zipo. Kifaa kinasoma mwendo, si ujazo. Mshipa wenyewe ukibadilika upana, umedanganyika. Na wengine mfupa wao wa panja ni mnene, mawimbi hayapiti.

Kuna mchoro maarufu wa mtafiti Niels Lassen wa 1959: kati ya presha ya wastani ya 60 na 150, damu ya ubongoni haibadiliki, mstari wake umenyooka kama barabara. Mimi ulinitia shaka, maana aliunganisha makundi mbalimbali ya watu, kila kundi na presha yake. Hiyo ni sawa na kupima stabilaiza kumi, kila moja mara moja, halafu useme unaijua moja. Mpwa wangu akacheka, akasema hata wataalamu wa siku hizi wanaona sehemu ile iliyonyooka ni fupi kuliko ilivyochorwa.

Nilipokwenda Newala nikamsimulia bibi habari ya mikanda ya mapajani. Akanisikiliza mpaka mwisho, yuko kwenye kigoda anabangua korosho.

"Sasa taabu yote ya nini? Si wawaokoteshe korosho?"

Nikamweleza mpwa wangu kama utani. Hakucheka. Alisema jaribio hilo lipo: mtu anachuchumaa sekunde 10, anasimama sekunde 10, hivyohivyo kwa dakika 5, huku vifaa viko panjani na kidoleni.

Nikampelekea bibi jibu. "Basi waje Novemba," akasema. "Ndoo zipo."