Resori inabeba, amortisera inatuliza: Land Cruiser yangu na remorki ya mahindi

Usiku kwenye njia ya Kasenga kila motokari iliyokuja mbele yangu ilikuwa inanipigia taa. Mi nimeweka taa za chini kabisa na bado watu wananimulika kwa hasira, wengine na honi juu, mpaka siku moja nikasimama pembeni, nikashuka, nikaiangalia motokari kutoka ubavuni. Nyuma imekaa chini, pua inaangalia nyota. Taa zangu za chini zilikuwa zinapiga moja kwa moja kwenye macho ya watu, na mi miezi yote hiyo nilidhani wao ndo wana shida.

Wanaonijua hapa Lubumbashi wanaijua hiyo motokari. Ni Land Cruiser 80 ya miaka ya 90, injini 1HZ, lita 4.2, ya mazuti (dizeli), haina turbo, ilikuwa ya mzee wangu kabla haijafika kwangu. Ina resori (springi) za kuviringika pande zote nne, siyo lame, zile bapa za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine, kama ile Land Cruiser 60 iliyotangulia. Tuna shamba karibu kilomita 60 kutoka mjini, na kila mwaka mahindi yakikauka, kuanzia mwezi wa nne hivi, kazi yake ni kuvuta remorki (trela) ya mhimili mmoja yenye mifuko 30, na ndani wanakaa watoto, mama yao, majeriken ya maji na kila kitu ambacho shangazi yangu wa kijijini ameamua tusirudi mjini bila hicho.

Sasa baada ya ile ya taa nikajitafutia dawa mwenyewe. Nikawaambia vijana wa shamba mifuko waisogeze nyuma ya remorki ili isiulemee mkia wa motokari. Na kweli ikanyooka, pua ikashuka, taa zikatulia, nikafurahi kabisa.

Furaha ilidumu kilomita 20. Kuna mteremko unaoshuka kwenye daraja dogo, na wale wanaopita hiyo njia wanajua asubuhi inajaa watu wa makala, yaani wauza makaa, mtu na kinga (baiskeli) yake, mifuko mitatu minne imefungwa juu mpaka humwoni kichwa. Nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa, nikavuta usukani kidogo kumpisha mmoja wao, kidogo tu, na remorki ikaanza kucheza. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara inaenda mbali zaidi, na kila ikienda inauvuta mkia wa motokari nayo, usukani mkononi ukawa mwepesi kama wa mtoto wa kuchezea. Nikagusa freni, ikazidi. Hapo nikaiacha freni, nikatoa mguu kwenye akselereta, nikashika usukani umenyooka bila kupigana nao, na Mungu akasaidia kukawa hakuna mtu upande wa pili. Ilitulia tukiwa tumefika darajani. Mke wangu hakusema neno lolote mpaka tumeingia mjini, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Jumatatu nikampelekea fundi mmoja mzee wa Kampemba, amezishika hizi 80 tangu zikiwa mpya. Nilikuwa nimeshaamua nataka nini, nataka resori ngumu kuliko zote, zile za kuinua juu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika bampa ya nyuma, akaisukuma chini mara mbili, akaachia. Motokari ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena.

"Mwana," akaniambia, "resori inabebaka mzigo, amortisera njo inatulizaka resori. Zako zilishakufa zamani."

Amortisera ni shokabzoba, lile bomba lenye mafuta linaloizuia resori isirukeruke. Akaifungua moja tukaitazama. Imejaa tope jekundu gumu, na ukikwangua chini ya tope unakuta mafuta, maana mafuta yanavuja vumbi linanata juu yake, mtu akipita haraka anadhani ni uchafu wa barabara tu. Akanipa mkononi niivute na kuisukuma. Mwanzo inakaza kidogo, ikifika katikati inaenda bure kabisa, kama pompi ya kinga iliyochoka. Kumbe nimekuwa nikibeba familia yangu juu ya resori nne tupu, hakuna kitu cha kuzizuia kuruka zinavyotaka.

Ila alichonifundisha hasa ni uzito. Akaniomba nirudi na remorki ikiwa imepakiwa vilevile kama siku ile. Mifuko 30 ya kilo 50 ni kilo 1,500, remorki yenyewe tupu kama 450, jumla 1,950. Akaweka mizani ya kupimia mifuko chini ya shingo ya remorki, pale inapokamata motokari. Kilo 60. Akatikisa kichwa. Akasema inatakiwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote, kwa hiyo karibu kilo 195, ikipungua sana remorki inaanza kucheza, ikizidi sana inakandamiza mkia wa motokari, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani na freni za mbele zinakosa nguvu, na taa zinapanda. Mtu wa makala analijua hilo bila mizani, ukimfungia mfuko nyuma sana ya gurudumu kinga inainuka mbele inamshinda kuiongoza. Mi na shule zangu nilikuwa sijalifikiria hata siku moja. Tukahamisha mifuko mmoja mmoja kwenda mbele mpaka mizani ikasoma 190 na kitu. Hiyo haikunigharimu hata franga.

Lakini sasa kilo 190 zikirudi kwenye mkia, pamoja na watoto na majeriken, nyuma inakaa tena. Tulipima kwa mita kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, nyuma ilishuka sentimita 9, mbele ikapanda karibu 3. Resori zilikuwa zimechoka kweli, hapo nilikuwa sikukosea.

Nikarudia wimbo wangu wa resori ngumu. Akanikatalia. Resori zinauzwa kwa uzito unaoubeba kila siku, kuna za motokari tupu, kuna za mzigo wa kati, kuna za mtu anayetembea na kilo 400 nyuma mwaka mzima. Mi navuta remorki miezi miwili mitatu, siku nyingine zote niko mjini peke yangu na mtoto mmoja nampeleka shule. Ukiweka zile za kilo 400 kwenye motokari tupu, kila shimo gurudumu linaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki barabara wala freni. Kwa hiyo tukaweka za mzigo wa kati, na ndani ya zile mbili za nyuma tukaingiza mifuko ya upepo, mipira minene inayokaa katikati ya resori na unaijaza kwa pompi. Tupu naiacha kwenye nusu kilo ya upepo (kilo hapa ni kipimo cha presha, siyo uzito), nikifunga remorki naipandisha mpaka kilo moja na nusu au mbili, napima tena na mita, nikiona nyuma imerudi pale inapotakiwa naacha. Mtu asidanganyike lakini, upepo unainua bodi tu, uzito unabaki vilevile juu ya mhimili na juu ya mipira ya magurudumu, na hiyo nayo inataka upepo wake.

Amortisera tukachukua za gesi. Kwenye barabara ya udongo yenye mawimbi amortisera inafanya kazi bila kupumzika, mafuta ndani yanachemka yanatoa povu, na povu halizuii kitu, ndo unasikia motokari baada ya nusu saa inaanza kuelea. Naitrojeni ndani inayakandamiza mafuta yasitoe povu. Hapa sikubana pesa. Bora kubana kwenye redio.

Kazi ilichukua siku mbili, na kitu kimoja nilikiona hapo sijawahi kukiona garaji nyingine. Motokari ikiwa juu ya kriki (jeki), mabulo (bolti) ya silambloki, zile bushi za mpira kwenye maungio, alikuwa anayafunga kwa mkono tu, anayaacha. Kijana wake akataka kuyakaza, akamzuia. Mpaka tulipoishusha ikakaa juu ya magurudumu yake, akaisukuma juu chini mara kadhaa, akaingia chini na kuyakaza akiwa amelala kwenye kartoni. Ukikaza ikiwa inaning'inia, ule mpira wa ndani unashikwa ukiwa umekaa vibaya, ukishusha motokari unajisokota, na utabaki umejisokota hivyo hivyo mpaka upasuke. Miezi michache tu unaanza kusikia kugonga na unalaumu duka lililokuuzia.

Na motokari ikipanda, hata sentimita 5 kama yangu, kuna mambo yanabadilika ambayo wauzaji hawakwambii. Kwenye 80 mhimili wa mbele unazunguka kidogo, pembe ya kasta (mwinamo wa egemeo la magurudumu ya mbele) inapungua kama digri 2, na ukifika kwenye kilomita 80 au 90 kwa saa motokari inatangatanga, usukani haurudi wenyewe katikati. Dawa yake ni silambloki za mbele zenye tundu la pembeni zinazorudisha ile pembe. Halafu kuna freni. Chini kule nyuma kuna mkono mdogo wa chuma umeungana na mhimili, unasoma mkia umeshuka kiasi gani, ukiona umeshuka unajua kuna mzigo, unaongeza nguvu ya freni za nyuma. Ukiinua motokari bila kuurekebisha ule mkono, wenyewe unaamini iko tupu kila siku, na siku una mzigo kweli freni za nyuma zinabaki zimelala. Nimeona Land Cruiser nyingi mjini zimeinuliwa juu kabisa, zinapendeza, na nikiinama naona ule mkono unaning'inia vilevile ulivyokuwa. Inaniuma, maana ndani kuna watu. Muulize fundi wako. Na akimaliza mwambie akaangalie paralelismu (unyoofu wa magurudumu) na urefu wa mipira ya freni.

Safari ya kwanza tulitoka shambani na mifuko 30, shingo kilo 195, upepo kilo mbili nyuma. Mbele ilipanda sentimita moja tu. Kwenye ule mteremko nilienda kilomita 60 kwa saa, nikampisha mtu wa makala, remorki ikafuata kama imeshikwa mkono. Usiku hakuna aliyenipigia taa. Mke wangu alilala, na hilo kwangu lilikuwa kipimo kuliko mita.

Ila tulipofika barieri ya kwanza na kusimama, nikaisikia remorki inanisukuma mgongoni, ule uzito wote unataka kuendelea na safari. Nikampigia mzee simu. Akaniuliza swali moja tu, "Remorki iko na freni?" Haina. Amortisera mpya na resori mpya haziwezi kusimamisha tani mbili zinazokuja nyuma yako, kazi yao ni kuinyoosha na kuituliza motokari tu.

Saa hii natafuta mhimili wenye freni, ule unaojikaza wenyewe remorki ikisukuma mbele, kuna mtu Kasumbalesa ameniahidi. Mpaka upatikane nabeba mifuko 15, naenda mara mbili. Mazuti yanaisha mara mbili na vijana wa shamba wanalalamika, lakini nimeshawaambia. Jumamosi hii mzigo wa kwanza, Jumapili baada ya misa wa pili.