Siku moja kwenye meza ya mchoraji wa picha takatifu

Wengi hudhani kazi hii ni kukaa ukingoja Roho akushukie, kisha brashi iende yenyewe. Sehemu kubwa ya siku ni kusaga, kuchuja na kungoja vitu vikauke.

Saa 11 alfajiri ni sala, kimya, simu imezimwa. Si utakatifu tu: vidole vilivyotoka kushika simu huacha mafuta kwenye jasi, lile tabaka jeupe la ubao linalopakwa rangi, na rangi haishiki hapo.

Saa 12, yai, maana kiini chake ndicho kinachoshikisha rangi ya unga. Ute unamwagwa, kiini kinahamishwa kiganja hadi kiganja mpaka kikauke nje. Kinabanwa utando kwa vidole viwili, kinatobolewa chini, kinachuruzika kikombeni. Utando ukiponyoka ukaingia, rangi itakuwa na vijinyuzi. Ongeza maji kiasi hichohicho na matone machache ya siki, kisioze upesi. Kiini kikizidi, rangi hung'aa na baadaye hupasuka; kikipungua, ukipitisha kidole rangi inakufuata kama chaki.

Saa 2 hadi saa 5 ni kuchora mavazi ya mtakatifu: tabaka jembamba juu ya jembamba, kutoka giza kwenda mwanga.

Saa 6 mchana wanaingia kamati ya parokia, na siku inaanza kuliwa. "Fundi, mbona mtakatifu amenuna, tena uso wa kijani?" Unaeleza, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba huo ni msingi tu, uso huanza na kijani-kahawia, mwanga ukapandishwa taratibu kwa udongo wa manjano na nyeupe. Hawajatulia, mwingine anataka jina la mfadhili liandikwe mbele, kwa dhahabu. Hapo hakuna mjadala. Tangu Mtaguso wa Pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, msimamo ni kwamba heshima ya picha humwendea aliyechorwa. Jina la mbele ni lake, na lisipoandikwa picha haijakamilika. Mfadhili akitaka, aandikwe nyuma ya ubao. Mchoraji mwenyewe kwa kawaida hatii sahihi mbele. Wanaguna. Wanarudi kwenye pua, eti ndefu. Saa nzima imekwenda na rangi kikombeni imeganda.

Halafu mama mmoja mzee, aliyekaa kimya muda wote: "Mwanangu, mimi hukaa nyuma kabisa. Mkono wa baraka siuoni."

Huyo ndiye wa kusikilizwa. Ubao unapelekwa mwisho wa kanisa, unaegemezwa, unatazamwa kutoka kwenye kiti chake. Kweli, vidole vimeyeyuka ndani ya vazi. Mchana wote uliobaki unakwenda hapo: kusaga rangi upya, kutia giza kuzunguka kiganja, kisha mstari mmoja mweupe kwa kila kidole, kwa brashi yenye ncha ya nywele chache. Mgongo unauma. Huwezi kurudia mstari ukiwa mbichi. Brashi itabandua hata tabaka la chini.

Jioni kiini kilichobaki kinamwagwa. Ubao unaegemezwa ukutani uso ukielekea ukuta, vumbi lisitue vidoleni.